Saini za warushaji wa akiba: Bei poa, ila feki zipo

Marekani kuna watu wanaokusanya kadi za besiboli zenye saini za warushaji wa akiba tu. Nawe umevutiwa? Soma hapa kabla hujatoa hela.

Ni akina nani?

Mrushaji wa akiba huingia mechi ikiwa imeshaanza, kumpokea mwenzake aliyechoka au anayechapwa. Akimaliza mechi huku akilinda ushindi mwembamba, anahesabiwa ameokoa mechi. Takwimu hiyo ilianza kuwekwa rasmi mwaka 1969.

Kwa nini wao?

Mashabiki wengi hukimbilia wapigaji na warushaji wanaoanza mechi, hivyo saini za hawa mara nyingi huwa bei poa. Wengine huzipata bure: wanamtumia mchezaji kadi kwa posta, wakiweka na bahasha ya pili yenye stempu na anwani yao. Jibu linaweza kuchukua miezi, au lisije kabisa. Usitume kadi ambayo ikipotea itakuuma.

Majina makubwa

Hoyt Wilhelm ndiye mrushaji wa akiba wa kwanza kuingia Hall of Fame, mwaka 1985. Alifariki 2002, hivyo saini zake haziongezeki tena.

Trevor Hoffman aliingia 2018 akiwa ameokoa mechi 601.

Mariano Rivera wa Panama anashikilia rekodi, mechi 652. Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kupata kura zote, 425 kwa 425. Kadi yake ya Bowman ya 1992 inamwonyesha akiwa na nguo za kawaida, si jezi. Kwa huyu, bei poa sahau.

Usiingizwe mjini

Miaka ya 1990, FBI ilifanya operesheni iliyoitwa Bullpen, jina la sehemu wanapopasha misuli warushaji wa akiba. Ilinasa mtandao wa watu waliokuwa wakighushi saini za wanamichezo na kuziuza pamoja na vyeti vya uongo. Kwa hiyo cheti peke yake si ushahidi.

Kabla hujalipa:

• Chukua namba ya cheti, iangalie mwenyewe kwenye tovuti ya PSA, JSA au Beckett. Usifungue linki uliyotumiwa na muuzaji.

• Hakikisha maelezo ya hapo yanalingana na kadi unayouziwa.

• Angalia kama ni wino wa kalamu. Kadi za Topps za 1952, ikiwemo ya Wilhelm, zina saini iliyochapwa kiwandani. Hiyo kila kadi inayo, haiongezi thamani hata senti.

• Uliza kama mchezaji alisaini kadi yenyewe au stika iliyobandikwa baadaye. Wakusanyaji wengi hupendelea ya kwanza.

Ukishaipata, iweke kwenye kava gumu la plastiki, mbali na jua. Mwanga hufifisha wino, na saini iliyofifia hairudi.