Sita, Saba, Tisa: Siku Yetu Mdina



Siku hizi wengi wetu hapa tumeanza kupenda safari za meli za kitalii. Wazee wetu waliopanda meli Mombasa au Unguja walisafiri kutafuta kazi, masomo au usalama. Sisi tunalipa fedha ili tuzungushwe baharini na kurudishwa pale pale. Basi katika safari yetu ya familia, wakubwa wanne na watoto watano, meli ilifunga gati Valletta, Malta, nasi tukapewa nusu siku. Tukapanda basi kwenda Mdina, mji wa zamani ulio juu ya kilima, umezungukwa na kuta, na kwa idadi ya watu ni kijiji tu, maana wakazi wake hawafiki 300. Makala haya hayahusu chakula cha melini. Tunataka kueleza kwa nini kilima kile kinamhusu kila Mswahili anayelea watoto ughaibuni.

Mtembezaji wetu alikuwa mtu hodari. Alitueleza jinsi Wanormani walivyoiteka Malta mwaka 1091, jinsi wapiganaji watawa wa Mtakatifu Yohana walivyokabidhiwa visiwa mwaka 1530 na kuzingirwa na majeshi ya Waturuki mwaka 1565. Alituonyesha lango la mwaka 1724 na kanisa kuu lililojengwa upya baada ya tetemeko la 1693. Akaja kwa Wafaransa wa 1798, kisha Waingereza, mpaka uhuru wa Septemba 1964. Lakini miaka zaidi ya 200 ya utawala wa Waislamu, iliyoanza mwaka 870, aliipitia kwa sentensi moja.

Tulipumzika kwenye duka la vitafunio, tukanunua pastizzi, ambazo ni binamu wa sambusa, zenye jibini au njegere ndani. Mwenye duka alikuwa akihesabu sarafu kwa sauti. Mtoto wetu wa miaka minane akatuvuta nguo: "Mama, huyu anasema Kiswahili!" Tukatega masikio. Mwanamke yule alipofika sita alisema "sitta". Saba akasema "sebgħa", na ile għ haisikiki. Nane ilitupotea, kisha tisa ikarudi, "disgħa". Tukamwomba aendelee kwa makumi. Ishirini ni "għoxrin", thelathini "tletin", hamsini "ħamsin", sitini "sittin". Mia ni "mija" na elfu ni "elf". Watoto wakacheka mpaka mwenye duka akacheka nao.

Hapa inafaa tuseme wazi, tusije tukapotoshana. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na moja mpaka tano, nane na kumi zetu ni za Kibantu. Sita, saba na tisa tuliazima kwa Waarabu tuliofanya nao biashara. Kimalta chenyewe kina asili ya Kiarabu, kile kilichosemwa Tunisia na Sisilia, kisha kikajaa maneno ya Kiitaliano. Hatuna undugu wa damu na Wamalta, ila tumechota kisima kimoja. Ndiyo maana dunia kwao ni "dinja", bahari ni "baħar", kitabu ni "ktieb" na Ijumaa ni "il-Ġimgħa". Hata jina Mdina ni lile lile Madina, yaani mji.

Kuna jiwe moja linaloeleza habari hii vizuri. Halipo Mdina, limehifadhiwa kisiwa cha pili cha Malta, Gozo. Ni jiwe la kaburi la msichana aitwaye Maimuna, la mwaka 569 Hijria, yaani 1174, miaka 83 baada ya Wanormani kuingia. Maandishi yake ni ya Kikufi. Sasa rudini nyumbani, kusini ya Unguja, kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Miaka 67 tu inatenganisha mawe hayo mawili. Na Maimuna ni jina ambalo hakuna mtaa wa Waswahili unaolikosa.

Katika karne ya 13 Uislamu ulitoweka Malta, kwa kufukuzwa watu na kwa kubadili dini. Lugha ilibaki. Mpaka leo Mkatoliki wa Malta akiomba humwita Mungu "Alla", na Kwaresima yake huiita "Randan", ambalo ni neno lile lile la Ramadhani. Kwa karne nyingi sheria na barua za serikali ziliandikwa kwa Kilatini na Kiitaliano, na Kimalta kikabaki jikoni, shambani na mashuani. Shairi la kale kuliko yote linalojulikana kwa Kimalta lilitungwa katika karne ya 15 na Pietru Caxaro, mtu wa Mdina, na liligunduliwa mwaka 1966. Mwaka 1934 Kimalta kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2004 kikawa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, ingawa wasemaji wake ni kama nusu milioni tu.

Sisi tuna mamilioni ya wasemaji, na tangu 2021 UNESCO imetutengea siku, tarehe 7 Julai. Lakini siku ya UNESCO haimfundishi mtoto wa Hounslow. Yeye shuleni anasema Kiingereza, barabarani anasikia Kipunjabi na Kisomali, na Kiswahili anakisikia bibi anapopiga simu Jumapili. Wamalta hawakusubiri serikali. Akina mama waliwahesabia watoto sitta, sebgħa, disgħa chini ya kila mtawala, na hiyo ikatosha kuivusha lugha karne nane. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo: tuwahesabishe watoto kwa Kiswahili, ngazi za nyumba, mabasi ya Bath Road, ndege zinazopita juu ya paa kwenda Heathrow. Na msomaji aliyewahi kufika Malta akasikia neno letu jingine, atuandikie, tulichapishe toleo lijalo.