Kabureta: Neno na Chombo katika Karakana za Songea

Waunda istilahi aghalabu huanzia katika kamusi na kuishia karakanani, ilhali njia iliyo nyofu ni kinyume chake. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni kabureta, yaani chombo kichanganyacho petroli na hewa kabla hazijaingia katika silinda. Kilipofika kwetu kilikuwa kichanga bado. Wilhelm Maybach, Mjerumani, alibuni kabureta ya kunyunyiza mafuta mwaka 1893. Na tarehe 10 Agosti 1907 ofisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari kuivuka Afrika, akafika Swakopmund mwezi Mei 1909. Huko Ungoni Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha punde tu, na Nduna Songea Mbano alikuwa amenyongwa mwaka 1906.

Wajerumani hukiita chombo hiki Vergaser. Walituachia shule na hela, lakini hilo hawakutuachia, kwa kuwa magari yaliongezeka nchini katika utawala wa Waingereza, na neno likaja pamoja na vipuri. Hata jirani na Peramiho, ambako Wabenedikto kutoka Ujerumani waliweka misheni yao mwaka 1898, fundi husema kabureta. Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, neno hili lilikuwa limekwisha kupata uraia. Kulibadili kungekuwa kazi bure.

Shida iko katika viungo vya ndani. Tuchukue kabureta ya koo moja, kama ile ya Solex, na baadaye Zenith, iliyofungwa katika Landrova za petroli. Petroli huingia katika kibakuli chenye boya. Boya likipanda, sindano huziba mlango. Likishuka, sindano hufungua. Hewa inapopita penye wembamba wa koo huenda kwa kasi, kanieneo yake hupungua, na petroli huvutwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Boya ni neno la mabaharia na wavuvi wa pwani. Limepanda hadi nyanda za juu za Ruvuma bila kupoteza maana yake, kwani kazi ni ile ile ya kuelea. Wako wasemao floti. Twaona hawana haja.

Kabla ya lami kutoka Makambako kufika Songea katika miaka ya 1980, safari ile ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika. Vumbi liliingia katika tanki, likateremka hadi kwenye jeti. Tena miaka hiyo fedha za kigeni zilikuwa adimu na kipuri kipya hakikupatikana kwa urahisi, hivyo kabureta haikutupwa, bali ilifunguliwa na kufufuliwa. Utaratibu wake wahitaji maneno yasiyo na utata. Kwanza plagi na pointi zikaguliwe, maana kabureta husingiziwa makosa mengi ya umeme. Plagi ikiwa na masizi meusi makavu, yamkini petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, na injini ikapiga chafya kwenye kabureta, petroli ni haba au hewa yapenya penye gasketi. Boya litikiswe: likisikika kuwa na petroli ndani, limetoboka. Likizamishwa katika maji ya moto, povu litaonyesha tundu lilipo. Jeti ipulizwe kwa hewa, isichokolewe kwa waya, kwani waya hulipanua tundu na gari likaanza kunywa mafuta kupita kiasi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye silensa. Fundi asemapo gari linazima kwenye silensa, ana maana ya injini kunguruma polepole bila mguu kukanyaga mafuta. Lakini silensa ni pia chombo cha kupunguza kelele katika bomba la moshi. Mwanafunzi aandikiwapo “rekebisha silensa” aweza kulala chini ya gari akitafuta kutu, ilhali alitakiwa kushika bisibisi: kukaza taratibu skrubu ya mchanganyiko hadi ikome, kuilegeza kiasi cha mzunguko mmoja na nusu, kisha kuirekebisha injini ikiwa ya moto hadi itulie. Akiikaza kwa nguvu, ncha yake huharibika, na kabureta nzima huweza kupotea kwa neno moja tu.

Yako maoni kwamba mjadala huu umechelewa, kwa kuwa magari mapya hupuliziwa petroli kwa mitambo ya elektroniki. Hoja hiyo haina uzito. Kabureta ingali hai katika pikipiki nyingi za bodaboda, na vijana wanaozifungua pembezoni mwa barabara za Songea hutumia jeti, sindano na silensa kama walivyofanya mafundi wa Landrova. Twapendekeza basi kwamba silensa ibakie kuwa jina la chombo cha bomba la moshi, na ule mwendo wa injini uitwe mngurumo wa chini. Mafundi wakiukataa, watuletee lao.