Jiko la mkaa ndani ya geto: hewa inaingilia wapi, inatokea wapi?

Leo tuongelee kitu ambacho karibu kila nyumba inacho na hamna anayekiuliza: jiko likiwaka ndani, linavuta hewa ya wapi?

Kuna imani nimeikuta kila nyumba niliyopanga hapa mjini, kuanzia Malambo mpaka Somanda. Eti jiko la mkaa liwashwe nje, moshi ukiisha na mkaa ukishakolea, ingiza ndani, hamna shida. Kwenye moshi wako sahihi. Kwenye sumu, hapana. Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini unatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Huwezi kuisikia hata ukiinusa makusudi.

Angalieni jiko lenyewe. Hewa inaingilia kwenye kile kimlango cha chini cha kutolea majivu. Inakutana na makaa ya chini, oksijeni yake inaliwa pale pale, inakuwa kaboni dayoksaidi. Ikipanda kwenye makaa ya juu, ambako kuna moto mkali lakini oksijeni imeshaisha, inabeba kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi. Ule mwali wa bluu mnaouona usiku ukicheza cheza juu ya mkaa ni hiyo gesi ikiungua baada ya kukutana na hewa safi. Mkaa ukififia, au sufuria kubwa ikikaa juu na kuziba, mwali unakufa na gesi inatoka mbichi. Sasa kuna wale wa kufunga kimlango ili mkaa usiishe haraka, au kufukia makaa na majivu ili michembe iive taratibu mpaka asubuhi. Nje ni ujanja wa kubana matumizi. Chumbani ni kujitengenezea sumu usiku kucha.

Hesabu kidogo, msikimbie. Kilo 1 ya mkaa ili iungue yote inahitaji hewa kama mita za ujazo 8. Geto la futi 10 kwa 10 lenye dari la futi 8 lina hewa kama mita za ujazo 22 tu, na humo humo wanapumua watu wawili watatu. Na jiko halisubiri hewa iishe ndo lilete madhara. Oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21. Ikishuka kidogo tu, uunguaji unazidi kuharibika na gesi inaongezeka.

Wazee watasema mbona zamani walilala na moto kwenye msonge na hawakufa. Nyasi za kuezekea zinapitisha hewa, si kama bati, dari lililozibwa na dirisha la aluminiamu lenye kioo. Ile nafasi kati ya ukuta na bati nayo tunaiziba kwa saruji, tunakimbia popo na mbu. Ila tusiusifie sana msonge, maana moshi wake umeleta msiba mwingine. Miti Usukumani ilifyekwa sana, kwa ajili ya kuua mbung'o na kulima pamba, hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI kurudisha ngitili. Kina mama wakapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya vijiko visivyo na dirisha, miaka arobaini, hamsini. Macho yakawa mekundu. Na huku kwetu, tangu tukiwa Mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuanzishwa 2012, kuna vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, eti wachawi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeandika mauaji ya aina hiyo kwenye ripoti zake mara nyingi. Bibi kakosa bomba la moshi, kapewa panga.

Na watu wakikutwa asubuhi hawaamki na jiko liko katikati ya chumba, maneno ni yale yale: wamelogwa, wamelishwa sumu, wivu wa mapenzi. Kwani Émile Zola, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, alilogwa na nani? Alikufa chumbani kwake Paris mwaka 1902, bomba la moshi likiwa limeziba. Mke wake alipona.

Huku kwetu jiko linaingizwa zaidi wakati wa mvua, na kwa mzazi ili mtoto mchanga apate joto. Mtoto avalishwe kofia, abebwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Jiko libaki nje.

Kwa anayejenga: jiko linataka matundu mawili. Moja chini, hewa iingie, jingine juu upande wa pili, hewa chafu itoke. Tundu moja halitoshi, hewa haizunguki. Weka matofali ya matundu, kama unaogopa mbu weka wavu, na uufute maana masizi na vumbi vinauziba. Gesi ya mtungi nayo inakula hewa, kilo 1 inataka kama mita za ujazo 12, na ikivuja inakaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo lile tundu la chini usilizibe. Mwali ukiwa wa njano badala ya bluu, muite fundi. Hata hivyo, tundu si ruhusa ya kulala na jiko la mkaa. Jenereta ndani ya stoo ya nyuma ya kafe ni habari hiyo hiyo.

Dalili watu wanachanganya na malaria: kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inagoma. Mkiumwa kichwa wote chumbani kwa mpigo, bila homa, na mkitoka nje mnapata nafuu, ni jiko. Fungua mlango, toa watu nje kwanza, halafu hospitali. Msimnyweshe maziwa; hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyezimia yatampalia. Gesi hii inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hewa ya kawaida inachukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni ya mtungi, kama saa 1 hadi 1 na nusu. Na mwambieni nesi wazi kwamba mlikuwa na jiko ndani, maana kile kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anazimika.

Nawasilisha.