Gereza Lilipokuwa Ngome
Mreno husema reforçar, Mwingereza reinforce. Maneno yote mawili yametokana na neno la Kilatini fortis, yaani "enye nguvu". Sisi husema kuimarisha. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa jirani zetu wa Kenya. Hata hivyo, kuta zake nene hazikuwaokoa: Waomani waliizingira kuanzia 1696, na njaa na maradhi vikawamaliza walinzi hadi ilipotekwa 1698.

Lililosalia ni neno. Igreja, yaani kanisa kwa Kireno, likawa gereza katika Kiswahili, likimaanisha ngome. Waingereza nao waliifanya ngome hiyo jela kuanzia 1895 hadi 1958. Basi ukifika Kilwa Kisiwani ukaonyeshwa Gereza, usitafute wafungwa. Hiyo ni ngome.