Karamu za Kanisani za Majirani Zetu, na Funzo Lake Kwetu



Katika kitabu chetu hiki aghalabu huandikwa tarehe ya kwetu Pwani. Leo nataka kusimulia habari za wenyeji wetu wa hapa Minnesota, kwani wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mwaka 1825 chombo kidogo kiitwacho Restauration kilitoka Stavanger, nchi ya Norwei, kikafika New York. Katika miaka mia iliyofuata, Wanorwei zaidi ya 800,000 walihamia Amerika, na wengi wakashika mashamba katika Minnesota, Wisconsin na Dakota. Walikuja na dini yao ya Kilutheri, lugha yao, na kitoweo chao, lutefisk. Huyu ni samaki wa bahari ya baridi, hukaushwa kwa upepo hata akawa mgumu kama ubao, kisha hurowekwa siku nyingi katika maji, na zamani kwa maji makali ya majivu, mpaka alainike. Harufu yake ni kali, lakini sisi tuliolelewa kwa papa na ng'onda hatuna haki ya kuwacheka.

Ilipoingia baridi, kabla ya Krismasi, makanisa mengi ya shamba yalifanya karamu katika ukumbi wa chini. Kina mama walipika, wanaume walimenya viazi na kubeba sahani, na wageni walikaa kwa zamu, meza baada ya meza. Fedha zilizopatikana zililipa madeni na kutengeneza paa. Mimi mwenyewe nilialikwa na jirani yangu, yapata miaka ishirini iliyopita. Nilikula samaki kwa siagi, viazi, na lefse, ambayo ni kama chapati ya viazi. Kababu zao niliziacha, wala hakuna aliyeniudhi.

Sasa tazameni mwendo wa mambo. Mwaka 1917 makanisa yao makubwa yaliungana kwa jina la Kanisa la Kilutheri la Kinorwei la Amerika. Mwaka 1946 neno "Kinorwei" likaondolewa, kwani watoto walikuwa wamekwisha kushika Kiingereza. Lugha ikaenda, meza ikabaki. Kwa miaka mingi wajukuu wasiojua hata salamu ya babu zao waliijua ladha ya samaki wao.

Lakini meza nayo imepungua. Vijana walihama mashamba wakaenda mijini. Mwaka 1950 wanawake 34 tu katika kila 100 wa Marekani walikuwa katika kazi za mshahara. Mwaka 1999 walikuwa 60, na mwenye kazi ya mshahara hana siku tatu za kuroweka samaki. Kanisa lao kubwa la Kilutheri, lililoundwa mwaka 1988 likiwa na watu zaidi ya milioni 5, sasa lina chini ya milioni 3. Kisha likaja gonjwa la korona mwaka 2020, milango ikafungwa, na baadhi ya karamu hazikurudi tena. Zipo zinazoendelea, lakini si kama zamani. Katika mji wa Madison, hapa hapa Minnesota, limesimamishwa sanamu kubwa la samaki huyo. Sanamu halihitaji mpishi.

Usiku ule nilichungulia jikoni. Wapishi wote walikuwa na mvi. Vijana walikuja, wakala, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyewafukuza jikoni, wala hakuna aliyewaita.

Jamaa zangu, nasi tuna Maulidi yetu. Tulipofika nchi hii tulipika pilau wenyewe usiku kucha, tukala kwa sinia, watu watano watano. Siku hizi chakula huagizwa mkahawani, huja katika visahani vya karatasi, na kila mtu hula peke yake. Simlaumu mtu, mimi pia nimechoka, na magoti yananiuma.

Ombi langu ni moja. Maulidi yajayo, tupike japo sufuria mbili, na kwenye kila sufuria wasimame vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mzee akae kitini aelekeze. Wali ukiungua, tutaula hivyo hivyo. Mwaka wa pili hautaungua.

Wabillahi tawfiq.