World Juniors: Kombe la Barafu la Mayut, na Kenya Iko Wapi?

Kila Disemba 26, Rhonda tukimalizia nyama ya Krisi, huko majuu mayut wanaanza kugongana juu ya barafu. Hiyo ndio World Juniors, kombe la dunia la hoki ya barafu kwa mayut wa chini ya miaka 20. Ni rasmi tangu 1977. Timu 10 hupigania dhahabu, na Canada ndio imebeba mara mob zaidi.

Kenya je? Tuko mlangoni tu. IIHF, shirikisho la dunia, lilitukubali 2024. Timu yetu inaitwa Ice Lions, na wasee wengi walianzia viatu vya magurudumu kwa lami. Ngori ni uwanja. Wao hufanyia mazoezi Panari Hotel, Mombasa Road, na barafu ya hapo ni kadogo. Uwanja rasmi una urefu wa mita 60. Halafu hakukuwa na wapinzani. Imagine 2018 ilibidi wapelekwe Canada ndio wacheze na timu ingine, Sidney Crosby akiwachezea!

Yut wa Rhonda akitaka kuigusa hiyo barafu, ni kama kilomita 160 za mathree. Lami nayo iko hapa tu nje.