Mjadala Uliochelewa na Mjadala Uliowahi

Oxford, Cambridge na Stanford wapo wanafunzi wanaokutana kusoma na kujadili mambo yanayoweza kuufuta uhai wa binadamu: vita vya nyuklia, maradhi yaliyotengenezwa maabara, akili mnemba isiyotawalika. Wengi huona hiyo ni anasa ya vijana wasio na mamlaka. Mimi naona uzito wa mjadala wa namna hii hutegemea zaidi wakati unaofanyika kuliko vyeo vya wanaojadili, na historia ya sayansi inanipa sababu.

Juni 1945, katika maabara ya Chicago iliyoshiriki kutengeneza bomu la atomu, kamati ya watu saba chini ya James Franck, mshindi wa Nobel, iliandika ripoti. Ilionya kwamba mashindano ya silaha yangefuata, ikashauri bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu. Mwezi uliofuata mwanasayansi Leo Szilard alikusanya saini za wanasayansi 70, yake ikiwemo, kumsihi Rais Truman juu ya matumizi ya bomu hilo. Ombi hilo lina tarehe 17 Julai. Jana yake bomu lilikuwa limejaribiwa jangwani New Mexico. Ombi halikumfikia Truman kabla ya Hiroshima. Elimu na heshima walikuwa navyo, ila viwanda vilikwisha jengwa, fedha zilikwisha tumika, urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilikwisha chimbwa na kusafirishwa. Nani angevunja kazi iliyobakiza hatua moja?

Juni 1971 mambo yalikwenda vingine. Janet Mertz, mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya Paul Berg huko Stanford, alihudhuria kozi Cold Spring Harbor, New York. Akaeleza mpango wa kupandikiza vinasaba vya SV40, virusi vinavyosababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara, ndani ya bakteria wa jamii inayoishi tumboni mwa binadamu. Mwalimu mmoja, Robert Pollack, alishtuka, akampigia Berg simu, na Berg akaahirisha jaribio. Mwaka 1974 Berg na wenzake waliomba majaribio ya aina hiyo yasimamishwe kote, na Februari 1975 watu wapatao 140 wakakutana Asilomar, California, kuweka masharti. Chanzo kilikuwa mazungumzo ya darasani juu ya kazi ambayo ilikuwa bado haijafanyika.

Wapo watakaosema Asilomar iliwaweka wananchi kando na haikugusa silaha za kibayolojia, ambazo Wasovyeti waliendelea kuzitengeneza kwa siri baada ya kutia saini mkataba wa 1972 wa kuzipiga marufuku. Ni kweli, na si dosari ndogo: mjadala wa mapema haumzuii aliyekusudia kudanganya. Wengine watasema hofu ile ilizidi kiasi, kwani hatari ilionekana baadaye kuwa ndogo. Hata hivyo, gharama ya hofu hiyo ilikuwa kungoja kidogo, na masharti yalilegezwa kadiri ujuzi ulivyoongezeka. Onyo la Franck ndilo lililokuwa sahihi, na hapakuwa na pa kurudi: Agosti 1949 Wasovyeti walilipua bomu lao la kwanza.